Kusoma injinia ya otomesheni onlaini huku wapiga shifti Mombasa, hatua kwa hatua

Hii nimewaandikia watu wa Changamwe, Miritini, Shimanzi mpaka Mariakani huko, walio kwenye viwanda vya mafuta ya kupikia, unga, chuma na saruji, na wa bandarini na Kipevu pia, mafundi wa stima na wa mitambo ambao kila siku wafungua paneli waona kile kisanduku cha PLC, kompyuta ndogo iendeshayo mtambo, taa zake za kijani zawaka, na siku kikigoma lazima aitwe mtu na laptopu yake kutoka Nairobi au ng'ambo, achomeke kebo, aguse mbili tatu, aondoke. Wewe ndo ulofunga mota, waya umevuta wewe, sensa umeiweka wewe, lakini ile programu iliyo ndani huijui. Sasa wataka kuijua, na wataka karatasi ya kuonyesha kwamba waijua, na kazi huwezi kuacha manake kodi na karo za watoto hazikungoji umalize masomo.

Yawezekana kabisa, na kwa kusema kweli mtu alo kiwandani ana nusu ya somo tayari mkononi, ile nusu ambayo mwanafunzi wa kukaa darasani tu huwa anaitafuta miaka. Shida ni kwamba wengi huanzia mwisho, walipa karo kwanza halafu ndo waanza kuuliza cheti chakubalika wapi, darasa ni saa ngapi, laptopu yatosha au haitoshi. Kwa hivyo twende kwa mpangilio.

Hatua ya kwanza: jua karatasi unayoitaka kabla hujatoa hata shilingi

Kuna vitu vitatu tofauti na matangazo ya mtandaoni huvichanganya makusudi. Kuna kozi fupi, za wiki chache au miezi, hizi zakupa ujuzi na cheti cha kuhudhuria. Kuna diploma. Halafu kuna digrii ya injinia yenyewe. Zote zaweza kuitwa "otomesheni", lakini hapa Kenya hazifunguzi mlango mmoja.

Ukitaka siku moja uitwe injinia kisheria, mwenye kuamua ni Engineers Board of Kenya, EBK, kwa sheria ya mwaka 2011, na wao huangalia kama digrii yako ya injinia ni ile wanayoitambua. Ukiwa na diploma au digrii ya teknolojia, wenye kukusajili ni KETRB, ile bodi iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya mateknolojisti na mafundi sanifu. Na kama chuo ni cha nje, kuna suala la kutambuliwa kwa cheti chenyewe, hapo ndo waingia CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, na KNQA, mamlaka ya kutambua sifa za masomo. Kazi yako ni nyepesi: andika imeili tatu nne. Taja jina kamili la kozi, jina la chuo, nchi, na useme kwamba yasomwa kwa mtandao, hilo la mtandao usilifiche manake ndo kiini cha swali. Kisha uliza kwa maandishi, nikimaliza hii mwanisajili katika ngazi gani? Jibu liweke, lihifadhi na kwenye simu na kwenye imeili. Wakikawia kujibu, wewe nawe kawia kulipa.

Vyuo vya nje hupenda kuandika Washington Accord, Sydney Accord, Dublin Accord. Si mapambo hayo. Washington, ya tangu 1989, ni makubaliano ya digrii za injinia, Sydney ni ya mateknolojisti, Dublin ni ya mafundi sanifu. Kwa hivyo ukiona kozi imeandikwa ni digrii lakini chini kabisa wamesema Sydney, ujue ni ngazi gani wanakuuzia. Si kwamba ni mbaya, ila jua.

Kama huna diploma yoyote na una ile KCSE yako na uzoefu wa kazi, maoni yangu ni haya: usirukie digrii ya nje, tuseme ya Australia, moja kwa moja. Fanya trade test, ile mitihani ya ufundi, za NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, au ingia diploma ya stima hapa hapa, Technical University of Mombasa pale Tudor wako na kozi za stima tangu enzi kikiitwa Mombasa Poly, halafu otomesheni uijaze juu yake kwa mtandao. Itachukua muda zaidi lakini kila kipande kina thamani yake hata ukikwama katikati. Digrii iliyokatika mwaka wa pili, nayo, haina pa kuipeleka.

Hatua ya pili: waulize chuo maswali magumu

Kabla ya fomu, watumie haya. Maabara hufanyika vipi, kwa simuleta, kwa kuingia kwenye mashine zao kwa mbali, au itabidi nisafiri? Manake tiketi ya ndege na viza haziko kwenye karo waliyoitangaza. Leseni za programu wanatoa wao au najinunulia? Mitihani yasimamiwa vipi, na stima ikipotea katikati ya mtihani kuna utaratibu gani? Naweza kulipa muhula kwa muhula? Nikisimama muhula mmoja kwa sababu ya kazi, nitarudi palepale au naanza upya? Na karo ni ya pesa gani, dola au pauni au nini, kwa sababu ukilipa kwa pesa ya kigeni miaka mitatu minne lazima uache nafasi ya shilingi kuyumba.

Chuo kizuri kitajibu bila kukuzungusha. Kile ambacho kila ukiuliza swali wakupigia simu kukwambia nafasi zinaisha leo, achana nacho.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya masaa, na sisemi ya kusoma, nasema ya saa za ukutani

Hapa ndo watu wengi hukosea hesabu. Madarasa ya mtandao mengi huwa na kipindi cha moja kwa moja, mwalimu yuko hewani, na saa zake ni za kwao. Perth, kule Australia ambako kuna chuo kinachofundisha hii kitu kwa mtandao, wako mbele yetu masaa matano. Darasa la kwao la saa kumi na mbili jioni ni saa saba mchana Mombasa, wewe uko kazini wakati huo, labda ndo wala chakula. Uingereza ni kinyume, darasa lao la saa moja usiku kwetu ni saa nne usiku wakati wa baridi yao na saa tatu wakati wa joto lao, kwa hivyo ukiwa umeingia shifti ya asubuhi utakuwa wasinzia mbele ya skrini. Afrika Kusini ni saa moja tu tofauti, hao ndo rahisi.

Sasa chukua rosta yako ya shifti, ile ya asubuhi, jioni, usiku, na siku ya ofu, uipange kando ya ratiba ya darasa kwa wiki nne mfululizo. Utaona mara moja wiki ipi utahudhuria na wiki ipi utategemea rekodi. Kama zaidi ya nusu ni rekodi, uliza kama kuhudhuria huhesabiwa kwenye alama.

Na masaa ya kujisomea, usijidanganye na masaa matatu kila usiku. Mtu alotoka kwenye joto la boila masaa manane, akapanda matatu, akangoja feri pale Likoni, akifika nyumbani akili haipo. Bora saa moja na nusu alfajiri kabla nyumba haijaamka, siku nne kwa wiki, na kipande kirefu siku ya ofu. Shifti ya usiku ina faida yake pia, ukirudi asubuhi ukalala mpaka saa saba, alasiri yote ni yako kabla hujaingia tena. Ramadhani panga mapema kabisa, angalia kalenda ya chuo kama mitihani yaangukia humo, wengine hupenda kusoma baina ya daku na alfajiri na huwa kumetulia kweli kweli, ila mtihani wa saa tisa mchana ukiwa umefunga na uko shifti, huo uombe uhamishwe wiki nyingi mbele si siku moja kabla.

Kwenye feri na matatu sikiliza sauti tu, video uipakue nyumbani kwa waifai na simu ikae mfukoni, wajua mwenyewe pale.

Hatua ya nne: sema na kazini, na useme vizuri

Usifiche. Kuna watu husoma kwa siri wakiogopa bosi ataona wataka kuhama, matokeo yake wabadilishiwa shifti wiki ya mtihani na hawana la kusema. Enda kwa supavaiza au injinia wako akiwa ametulia, si wakati mtambo umetripu, na umwandikie pia ili ibaki. Kitu kama hiki chatosha:

"Habari za kazi injinia. Nimepata nafasi ya diploma ya otomesheni kwa mtandao. Darasa ni Jumanne na Alhamisi saa saba mpaka saa nane mchana. Naomba siku hizo mbili mapumziko yangu ya chakula yaangukie saa hio, na nikiwa shifti nyingine nitajipanga mwenyewe. Projekti za kozi ningependa nizifanye juu ya mitambo yetu, kwa idhini yako, na ripoti nitakuletea wewe kwanza."

Umeona hapo hujaomba pesa na umempa kitu. Pesa yaja baadaye, na hapa kuna jambo mafundi wengi hawalijui: mwajiri hulipa NITA shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na kampuni inayochangia yaweza kuomba irudishiwe sehemu ya gharama ya mafunzo ya wafanyakazi wake, mradi mafunzo yenyewe yameidhinishwa na NITA kabla hayajaanza. Neno ni hilo, kabla. Kwa hivyo muulize mtu wa HR mapema, sio umeshamaliza muhula wa kwanza ndo wapeleka risiti. Huenda akakwambia kozi ya nje ni ngumu kuidhinishwa, sawa, lakini zile fupi za hapa nchini zaweza kupita.

Wakikubali kukulipia, soma ule mkataba wa kufungwa nao miaka mingapi baada ya kumaliza. Hilo sina haja ya kulieleza zaidi.

Hatua ya tano: laptopu, stima, neti

Fupi. Programu karibu zote za PLC ni za Windows, kwa hivyo Mac weka kando na simu haitoshi. Laptopu ya mitumba ya ofisini, ile nzito nzito, yafaa kuliko mpya nyembamba ya bei hiyo hiyo. RAM ya GB 8 itakuendesha kwa vitu vyepesi, lakini TIA Portal ya Siemens yataka 16 kama wataka amani, na diski iwe SSD. Hakikisha ina tundu la kebo ya mtandao, utalihitaji siku ya kuunganisha PLC ya kweli. Isiweke juu ya godoro, joto la Machi hapa laua mashine.

Betri ya laptopu stima ikipotea yakubeba, kinachokufa ni ile ruta ya waifai, nunua UPS ndogo ya ruta, ile betri ya akiba, ni rahisi kuliko unavyodhani, na bando la simu liwe tayari kama akiba. Video ya HD ya saa moja yaweza kukula karibu GB nzima, teremsha ubora, ubao wa mwalimu utausoma tu.

Hatua ya sita: hesabu

Hapa ndo wengi huachia njiani, na si kwa sababu hawana akili, ni kwa sababu tangu shule hawajaigusa. Udhibiti wa mitambo ukiingia ndani wataka logarithimu, namba changamano, kalkulasi, halafu ile njia ya Laplace ya kurahisisha milinganyo. Usingoje kozi ianze. Miezi mitatu kabla, Khan Academy ni bure, anza na aljebra mpaka derivativu, na kila wazo ulitafutie mtambo wako. Derivativu ni kasi ya kubadilika, basi, tenki yajaa kwa kasi gani. Intigrali ni kukusanya, mita ya mafuta ihesabuyo lita zilizopita tangu asubuhi. Ukija kukutana na PID, ile njia ya kushikilia joto au presha pale utakapo, herufi mbili kati ya tatu, I ya intigrali na D ya derivativu, utakuwa wazijua tayari, na ile njia ya Ziegler na Nichols ya kuiseti, ya mwaka 1942 na bado yafundishwa mpaka leo, haitakutisha.

Hatua ya saba: tengeneza maabara nyumbani

Hii ndo hatua ya kukaa nayo. PLC ya kweli ni ghali lakini huihitaji mwanzo. Pakua CODESYS, programu ya kuandikia PLC, ya bure, ina lugha zote za kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-3: lada (mchoro wa ngazi), bloku, maandishi na nyinginezo, na ina simuleta ndani yake. Ukitumia PLC yake ya ndani ya kompyuta itazima kila masaa mawili, uiwashe tena tu. TIA Portal wakupa siku 21 za majaribio, kwa hivyo usiifungue mpaka una wiki tatu tupu. OpenPLC ni ya bure na yaendesha hata Arduino. Kwa skrini za SCADA, zile za kusimamia mitambo kwenye kompyuta, Ignition wana toleo la nyumbani la bure na masomo yao ya mtandaoni pia hayalipiwi.

Lada utaizoea haraka kuliko mtoto wa kompyuta, manake ilitengenezwa kwa ajili yako. PLC ya kwanza, Modicon 084, ilikuja 1969 kuondoa mapaneli ya rilei kwenye viwanda vya magari Marekani, na walichora programu ifanane na michoro ya rilei ili fundi wa stima asipotee.

Zoezi la kwanza usifanye ile ya taa za barabarani ya kwenye vitabu. Fanya ya nyumbani kwako. Nyumba nyingi Mombasa maji ni ya mgao, kuna tenki la chini na tenki la juu na pampu baina yao, na mtu kazi yake ni kukumbuka kuwasha na kuzima. Ifanyie otomesheni. Pampu iwake tenki la juu likishuka, izime likijaa, na isiwake kabisa tenki la chini likiwa tupu manake pampu ikienda kavu yaungua sili. Kwa lugha ya maandishi ni mstari mmoja:

Pampu := (JuuLimeshuka OR Pampu) AND NOT JuuLimejaa AND ChiniKunaMaji AND StopuSawa AND OvalodiSawa;

Utazame pole pole. OvalodiSawa maana yake kinga ya mota kuzidiwa mzigo haijatripu. Hapo kwenye mabano, "OR Pampu" ndo ule mkono wa kushikilia unaoujua kwenye kontakta, ile kontakti ya pembeni uiungayo sambamba na swichi ya kuwasha. Maji yakipanda kidogo, JuuLimeshuka inazima, lakini pampu yajishikilia yenyewe mpaka lijae. Bila kipande hicho pampu itakuwa yawaka yazima yawaka yazima kwenye mstari mmoja wa maji mpaka kontakta ichomeke.

Sasa angalia StopuSawa. Swichi ya stopu kwenye paneli hufungwa ile ya kawaida-imefungwa, yaani stima yapita wakati hujaibonyeza. Kwa hivyo PLC yaona 1 mambo yakiwa sawa, na 0 ukibonyeza au waya ukikatika. Ndo maana kwenye lada utachora kontakti wazi, si iliyofungwa, na hapa kila mwanafunzi huchanganyikiwa, achora iliyofungwa kwa sababu ameona swichi imefungwa, halafu mota haiwaki na hajui kwa nini. Mantiki ni waya ukiliwa na panya, mtambo usimame, sio uendelee.

Halafu jiulize swali la kukera: floti ya JuuLimejaa waya wake ukikatika itakuwaje? PLC haitajua tenki limejaa, maji yatamwagika mpaka kwa jirani. Kwa hivyo igeuze, iwe yatoa ishara wakati bado halijajaa, na uandike upya ule mstari. Halafu jiulize tena, stima ikipotea na ikarudi, pampu itajiwasha yenyewe? Ndio, kama maji ya tenki la juu yameshuka. Kwa pampu ya nyumbani ni sawa, twataka ivo. Kwa konveya ambayo fundi amepanda kutoa gunia lililokwama, hapana kabisa, hio lazima mtu abonyeze kuwasha tena. Programu ileile, mtambo tofauti, jibu tofauti. Kisha weka taima ya TON, ile ya kuchelewesha kuwasha, tenki la chini likipata maji pampu ingoje dakika tano kwanza, ili isiruke ruke kwa kila ndoo inayoingia. Na ile swichi nyekundu ya dharura, kwenye kiwanda, ikate stima kwa waya wake au kwa rilei ya usalama, usiitegemee PLC ya kawaida peke yake hata kama programu yako ni nzuri vipi.

Ukimaliza hilo, nenda kwa analogi, ishara za vipimo vinavyopanda na kushuka, si za kuwaka na kuzima tu. Chukua mfano wa tenki la mafuta la mita 8 lenye transmita, kifaa cha kupima na kutuma ishara, ya 4–20 mA. Milliamp 4 ni tupu, 20 ni limejaa, na katikati wafanya hivi: mA toa 4, gawa kwa 16, zidisha kwa 8. Milliamp 12 ni mita 4. Milliamp 10 ni mita 3. Kwenye Siemens S7 utaona namba ya 0 mpaka 27648 badala ya milliamp, kwa hivyo 12 mA yako itasomeka 13824, usishtuke. Na kwa nini yaanza 4 sio 0? Kwa sababu ingeanza 0 usingejua kama tenki ni tupu au waya umekatika. Ikishuka chini ya 3.6 ujue ni hitilafu, na programu yako itoe kengele badala ya kuandika mita hasi kwenye skrini. Weka hio kengele kwenye asainmenti hata kama hawajaiomba, mwalimu atajua huyu amewahi kuona kiwanda.

Hatua ya nane: tumia kiwanda, lakini kwa adabu

Kila somo lina mwenzake kazini. Ukisoma mota, soma kibati cha mota: 50 Hz, 415 V fezi tatu, mizunguko 1450 na kidogo, maana yake ni poli nne, kasi ya sumaku ni 1500 na mota yabaki nyuma kidogo. Ukisoma draivu, simama mbele ya VFD, kile kifaa cha kubadilisha kasi ya mota, inayoendesha feni uangalie hezi zikipanda na ampia zikifuata. Ukisoma joto, sensa ya PT100 iliyotupwa kwenye droo ya stoo ipime kwa mita, itoe ohmu 100 kwenye barafu na kama 138.5 kwenye maji yachemkayo. Ukisoma michoro, omba P&ID, mchoro wa mabomba na vifaa vyake, ya sehemu yako na utembee nayo bomba kwa bomba, utashangaa ni valvu ngapi ziko chini na kwenye karatasi hazipo.

Lakini kuna mipaka na hii nasema kwa herufi kubwa kichwani: usijifunzie kwenye PLC inayoendesha uzalishaji. Hata kuunganisha tu "nitazame" usifanye bila ruhusa. Usikate lupu ya 4–20 kuweka mita huku mtambo uko kazini, kidhibiti kitaona sifuri na valvu itakwenda kusikojulikana. Ngoja shatidauni, pata pamiti, weka kufuli yako na kibandiko chako. Na programu ya kampuni usiichukue kwenye fleshi ukaipakia kwenye asainmenti, hio ni mali yao, chora upya kwa majina yako mwenyewe, ukitumia wazo tu.

Tafuta pia yule mzee wa stoo ya umeme au yule injinia wa nje akija. Mtu akifungua laptopu mbele ya paneli, wewe simama nyuma yake na swali moja zuri, sio kumi. "Samahani injinia, hapo umejuaje ni sensa na sio kadi ya PLC?" Ataeleza, watu wa kazi hii hupenda kueleza.

Hatua ya tisa: weka ushahidi unavyokwenda

Tangu wiki ya kwanza, fungua daftari la kazi. Tarehe, mtambo, tatizo, ulichopima, ulichofanya, nani aliona. Msimamizi atie sahihi kila mwezi, usingoje miaka mitatu ipite na yeye amehamia Mombasa Road Nairobi huko ndo uanze kumtafuta. Mazoezi yako ya CODESYS yahifadhi na picha za skrini na ukurasa mmoja wa maelezo kwa kila moja, yakifika saba manane mazuri ushakuwa na kitu cha kufungua kwenye laptopu siku ya intavyu badala ya kusema tu najua PLC.

Na siku za mtihani na za kumalizia projekti zitoe kwenye likizo yako ya mwaka, uziombe Januari kabla wenzako hawajajaza ile chati ya ukutani, manake Desemba na wiki za Idi hupotea mapema kuliko zote.